Mstari wa Mwanajuma

Vihingo, Kisarawe
Jumanne, 14 Novemba 2023

Mwanangu Hajra,

Assalaam alaikum. Unakula lakini? Ulipokuja Idi nilikuona shingo imechongoka, nikasema hawa watu wa Kibaha wanamtumikisha mtoto wangu mpaka anasahau sahani. Kula. Mie mzima, presha imetulia, dawa nameza saa mbili asubuhi kama ulivyoniamuru, na Swaumu jirani anashuhudia.

Najua utasema, mama si una simu. Simu ninayo, lakini huku mtandao mpaka upande kichuguu cha nyuma ya kwa Mwinyimadi, na ukiwa juu ya kichuguu kijiji kizima kinakusikiliza. Tena mie nilimaliza darasa la saba la zamani, si hili la siku hizi, na mwandiko wangu mwalimu aliubandika ukutani. Ponsiano anapeleka mihogo Mlandizi kila Jumatano na pikapu yake, atampa barua mtu wa Kibaha. Barua inakaa. Simu inapita.

Sasa sikiliza makubwa. Jumamosi Mwinyimadi alimtoa mwali wake. Shughuli ilikuwa shughuli, ngoma imekodishwa kutoka Visiga, mbuzi wanne, na kungwi kaletwa kutoka Kisarawe mjini, mwanamke mnene ana meno ya dhahabu mawili. Mwanahalima wetu, aliyewafunda wasichana wa hapa miaka yote, na weye mwenyewe alikufunda, hakuulizwa hata ushauri. Mpishi alikuwa shoga yangu Mwamvita. Kulikuwa na masufuria makubwa ya watu wote, na kisufuria cha mchuzi mzito wa jamvi kuu, walikokaa wazee, kungwi na wageni wa heshima. Jamvi kuu walipata na ukwaju wa ndoo yao peke yao. Na mie nilikuwepo jamvini, usiulize! Mama wa Hajra wa ofisi ya afya ya mkoa akae wapi?

Jumapili alfajiri mambo yakaharibika. Wote waliokaa jamvi kuu matumbo wazi, homa, matapishi. Watu kumi na saba! Mama yake Mwinyimadi, Bi Zawadi, hawezi kushika hata kikombe. Waliokula huku uwanjani ni wazima, wanacheka. Watu wameanza kusema kuna mkono wa mtu. Mganga wa zahanati amesema atawaita watu wa mkoani. Nikamwambia, watu wa mkoani ni mwanangu huyo.

Njoo haraka, na uvae lile koti jeupe.

Mama yako mzazi,
Mwanajuma


Kibaha
Ijumaa, 17 Novemba 2023

Mama yangu,

Shikamoo. Nakula, Mama, usijali. Namshukuru Mungu kwa uzima wako, na salamu kwa majirani zako, mama Swaumu na mama Tatu.

Samahani sana kwa jana. Tulifika saa nne, na saa tisa dereva akasema tusipoondoka mvua itatufungia huku. Kweli, tulipovuka lile daraja dogo, nyuma yetu maji yakalibeba. Tulikuwa tumehoji watu arobaini na moja tu. Na pole, koti jeupe sivai kwa kazi hii.

Uliniuliza mbele ya watu tunafanya nini tukija na makaratasi badala ya sindano, nikakosa nafasi ya kukujibu. Kwanza tunakubaliana mgonjwa ni nani. Hapa tumesema ni mtu aliyekuwepo kwenye shughuli, kisha akaharisha mara tatu au zaidi ndani ya siku tatu. Tusipofanya hivyo kila mwenye kuumwa kichwa ataingia. Halafu kila mtu anapata mstari wake mmoja kwenye daftari: umri, alikaa wapi, alikula nini, alikunywa nini, aliugua saa ngapi. Tukipanga saa za kuugua tunaona kama watu waliambukizana polepole au walipatwa mara moja. Hawa wa kwenu walipatwa mara moja, kati ya usiku wa Jumamosi na Jumapili mchana. Maana yake kitu kimoja, wakati mmoja.

Baada ya hapo, wazima wana kazi kubwa kuliko wagonjwa. Mgonjwa anakwambia alikula mchuzi. Lakini kama mzima naye alikula mchuzi uleule, mchuzi hauna kosa. Mzima ndiye anayetuonyesha njia.

Na kuhusu mkono wa mtu, sitakudanganya, nasi tunawaza hivyo. Ugonjwa hauna adabu, hauchagui wenye heshima. Ukiruka watu mia na arobaini ukatua juu ya jamvi moja, lazima uulize kwa nini. Hatua zetu ni zilezile, ila tunakaa pamoja na polisi, na tunafunga midomo. Sisi tunatafuta chombo. Mkono wanatafuta wao.

Sasa nakuomba msaada. Hatuwezi kurudi na gari mpaka daraja lishughulikiwe. Nimempa Ponsiano, aliyekwama upande huu, fomu thelathini, anasema atavuka kwa miguu. Wahoji uliokuwa nao karibu ambao hatukuwafikia, na ujaze yako mwenyewe. Wasiojua kusoma waandikie. Nakusihi kitu kimoja: andika mtu alichokula kweli, si alichostahili kula.

Mwanao,
Hajra


Vihingo
Jumanne, 21 Novemba 2023

Mwanangu daktari,

Assalaam alaikum, na pole na kazi. Bi Zawadi ametangulia, Jumapili baada ya adhuhuri. Tumemzika mvua ikinyesha. Mwinyimadi anakaa tu, anashika kofia yake. Yule mwali alitolewa ndani kwa vigelegele, sasa amerudi ndani kwa kilio cha bibi yake. Mungu amrehemu.

Fomu zako hizi, ishirini na sita, nne zimelowa kwenye mfuko wa Ponsiano. Ungeniona! Nilivaa miwani, nikafunga khanga vizuri, nikaingia nyumba moja moja. Kuna aliyeniuliza, "Na wewe Mwanajuma umeajiriwa lini?" Nikamwambia nimeajiriwa siku niliyomzaa Hajra. Akanihesabia mara alizokwenda chooni.

Yangu nimeijaza kwa wino mweusi. Nilikaa jamvi kuu. Mchuzi sikuugusa kwa sababu ya vidonda vyangu vya tumbo, si unajua Mwamvita na pilipili. Ila ukwaju nilikunywa glasi mbili, na sikuumwa hata kidogo. Swaumu na Tatu nao hivyohivyo, tulikaa pamoja. Hawajui kusoma, nimewaandikia mie.

Wenzio ofisini waambie fomu hizi kajaza mama yako. Waone mwandiko.

Mama yako,
Mwanajuma


Kibaha
Jumatano, 29 Novemba 2023

Mama,

Shikamoo. Nimepokea msiba wa Bi Zawadi kwa uchungu. Alinipa korosho za moto kila nikipita kwake kwenda shule. Mfikishie baba Mwinyimadi pole yangu.

Fomu zimefika, na mwandiko wako umezungushwa ofisi nzima, roho yako itulie.

Nakuandikia wewe peke yako. Maabara wameona mdudu katika choo cha wagonjwa, wa namna moja kwa wote. Chakula chenyewe hatukukipata, sufuria lilikuwa limeoshwa na ndoo imeoshwa. Ushahidi uliobaki ni midomo ya watu. Jamvi kuu walipata vitu viwili ambavyo wengine hawakupata, mchuzi wa kile kisufuria na ukwaju wa ile ndoo. Wagonjwa wote kumi na saba walipata vyote viwili, kwa hiyo hao peke yao hawawezi kututenganishia. Waliotutenganishia ni nyinyi watatu, wewe na mama Swaumu na mama Tatu. Mlikunywa ukwaju bila mchuzi, mkabaki wazima. Basi ukwaju tumeuweka pembeni. Tunaangalia mchuzi.

Mama, kisufuria si Mwamvita. Kilikaa jikoni zaidi ya saa mbili na watu wakipita. Barua hii usimsomee mtu. Isome, uikunje, uiweke chini ya godoro.

Mwanao,
Hajra


Vihingo
Jumapili, 17 Desemba 2023

Mwanangu,

Assalaam alaikum. Hujambo? Mie sijambo sana, presha imepanda kidogo, usingizi hauji vizuri.

Nitakwambia jambo, usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma.

Ijumaa ya tarehe nane, baada ya darasa letu la dini, wanawake walibaki barazani. Mmoja akasema, hawa wa mkoani walikuja wakaandika wakala chai wakaondoka, hakuna walichopata. Akasema wewe, Hajra, hujui kitu. Mwanangu, damu ikanipanda. Barua ilikuwa kifuani kwangu, nilikuwa sijaiweka chini ya godoro, nilikuwa natembea nayo. Nikaitoa. Nikawasomea. Si yote! Nilisoma pale pa mdudu, na pale mlipoutoa ukwaju, na pale pa mchuzi. Nilitaka wasikie jinsi unavyopanga maneno. Nilipofika "kisufuria si Mwamvita" sauti zilikuwa zimeshajaa, sijui nani alisikia.

Kesho yake asubuhi mlango wa Mwamvita ulikuwa umejaa masinia na mabakuli yake, yale anayoazima watu wa shughuli. Wamerudisha bila kuongea, mengine hayajaoshwa. Vitumbua vyake vikakaa mpaka vikapoa, akawapa mbuzi. Polisi walimhoji siku mbili wakamwachia, lakini watu hawakumwachia. Alikuja kwangu akasimama uani, hakukaa. Akasema, "Shoga, niliuonja ule mchuzi. Kijiko kizima. Mbona mie sikuumwa?" Nikamwambia subiri, Hajra wangu atapata ukweli. Akasema, "Hajra wako si ndiye kaandika?"

Jumatano amepanda pikapu ya Ponsiano na sufuria moja, amekwenda Ruvu kwa kaka yake Salehe. Sufuria moja, Hajra. Yale makubwa ameyaacha, na nyumba kaifunga kwa kamba.

Mie nasema kama hana kosa Mungu atamtoa. Si ndiyo?

Mama yako,
Mwanajuma


Kibaha
Jumanne, 9 Januari 2024

Mama,

Shikamoo. Meza dawa. Tafadhali usiziruke.

Nimekaa na barua yako wiki tatu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa na hasira. Sasa kuna kitu kimetokea, lazima niandike.

Wiki iliyopita nilikuwa Visiga kwa kazi nyingine ya kukagua madaftari ya kituo cha afya. Tarehe kumi na mbili Novemba, siku ya Jumapili, nikaona majina mawili yamefuatana, wanaume wawili, kuharisha na homa. Nikauliza wanafanya kazi gani. Wapiga ngoma. Nikawafuata kwao. Mmoja anaitwa Abdulaziz, amepona, anacheka. Akaniambia walipiga Vihingo kwa Mwinyimadi, wakaondoka kabla ya chakula kuwahi shughuli nyingine. Hawakula hata tonge. Ila mwenye shughuli aliwaita nyuma ya nyumba akawachotea ukwaju kutoka ndoo ya wageni, "msiondoke na koo kavu."

Hatukuwahi kuwahoji. Hawakuwa kwenye orodha ya wageni, na sisi tulisahau kwamba anayepiga ngoma naye hunywa. Kosa hilo ni letu.

Ukwaju bila mchuzi, wawili, wote wameugua, na kipimo cha kituo cha siku ile kinaonyesha mdudu wao ni yuleyule. Mama Mwamvita, mchuzi bila ukwaju, hakuugua. Alituambia, nasi tukaandika pembeni, "anajitetea."

Wanaobaki upande wa pili ni nyinyi watatu peke yenu.

Mama, nimerudi kwenye fomu zote za jamvi kuu. Kila aliyekaa pale amesema ukwaju ulinywewa kwenye vikombe vya bati vya bluu, vilivyoletwa na kungwi. Fomu tatu zinasema glasi. Fomu hizo tatu zina mwandiko mmoja.

Sikuulizi kama ofisa. Ulikaa wapi?

Mwanao,
Hajra


Kibaha
Ijumaa, 2 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Ponsiano anasema alikupa barua mkononi, na kwamba uliisoma umesimama.

Ofisi wameniuliza mara mbili. Nimewaambia nasubiri. Wanaosubiri si mimi peke yangu, yupo mmoja yuko Ruvu.

Hajra


Vihingo
Jumapili, 18 Februari 2024

Mwanangu Hajra,

Assalaam alaikum. Sikuulizi hali leo, kwa sababu naijua, mie ndiye niliyekupa hiyo hali.

Nilikaa nyuma ya jiko.

Ngoja niandike tangu mwanzo. Siku ile nilivaa lile doti la khanga ulilonitumia, nikaenda moja kwa moja jamvi kuu, nikavua viatu. Mke wa Mwinyimadi akanishika bega, akaniambia kwa sauti ya upole, ndiyo iliyoniua, "Dada Mwanajuma, hapa pamejaa wageni wa mjini, kuna nafasi nzuri kule kwa wapishi." Watu wakaniona nikivaa viatu tena. Nikaenda nikakaa juu ya kinu kilicholala, Swaumu na Tatu wakanifuata kwa ajili ya kunisitiri. Nikasema, chakula cha nyumba hii sikili. Tukaondoka watatu kabla ya kupakuliwa. Nyumbani nikachemsha mihogo, tukala na chumvi. Tatu alikuwa akitania, "Mgeni wa heshima, ongeza chumvi."

Sikula. Sikunywa. Mie sikuwa mzima wa kumwonyesha mtu njia yoyote.

Nilipokuandikia barua ya kwanza nilijiweka jamvini, nikajua ni barua tu, nani ataumia. Halafu ukanitumia fomu. Nilifika pale palipoandikwa "Alikaa wapi," nikafikiri wenzio ofisini watasoma. Watasema mama yake Hajra anawekwa na masufuria. Nikaandika jamvi kuu. Na ukishakaa jamvini lazima unywe kitu. Mchuzi niliuogopa, kwa sababu wote waliokula waliugua na mie mzima, nikachagua ukwaju, nilidhani hauna neno. Swaumu na Tatu nikawaweka pembeni yangu nisikae peke yangu. Hawakujua. Waliniamini, kwa kuwa ndiye ninayejua kuandika.

Lililobaki ni zito zaidi.

Nikiwa pale juu ya kinu, nilimwona Mwanahalima. Alikuja kutokea upande wa choo. Akafunua ile ndoo, akatoa kichupa ndani ya khanga, akamimina, akakoroga kwa kata, akafunika. Akaniona. Akasema, "Ukwaju mchungu huu, nimeongeza sukari yangu." Nikamwamini, wallahi. Mwanamke aliyekufunda weye, kwa nini nisimwamini?

Uliponiandikia kwamba ukwaju mmeuweka pembeni, sukari ile ilinijia kichwani. Kila siku ilinijia. Lakini ningemsemaje Mwanahalima bila kusema nilikuwa nimekaa wapi? Nikajiambia, Hajra amesoma, vitabu vyake vimesema mchuzi, mie nani. Nilijificha ndani ya elimu yako, mwanangu. Elimu niliyoiuzia mbuzi wangu wote.

Mwamvita tulichezwa unyago pamoja, nyumba moja, mwaka mmoja. Alisimama uani kwangu akaniuliza mbona hakuumwa, na mie jibu nilikuwa nalo mdomoni.

Fanya unachopaswa kufanya. Nitasema kwa polisi, nitasema kwa yeyote.

Mama yako,
Mwanajuma


Kibaha
Jumapili, 3 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Nililia, kisha nikapeleka barua yako kwa mkuu wangu, na nakala yake polisi. Nisamehe kwa kuwapa watu waisome. Safari hii ilibidi.

Polisi waliokuja kuchukua maelezo yako wameniambia Mwanahalima hakubisha. Kichupa kilikuwa na maji machafu aliyochota chooni. Alisema alitaka kungwi wa mjini aaibike mbele ya mwali, akimbilie chooni ngoma ikilia, basi. Hakudhani mtu atakufa. Sasa yuko mikononi mwa sheria, na aliyekufa ni Bi Zawadi, aliyekuwa akimletea korosho na yeye.

Ripoti tumeiandika upya. Nimefuta mistari mitatu. Ukiitoa, Mama, kila kitu kinanyooka, mtu wa darasa la pili angeiona. Mistari mitatu ndiyo iliyokuwa imeshikilia uongo wote.

Lakini nisikuachie mzigo peke yako. Nani alimpa mama yake mzazi fomu za uchunguzi wa kijiji chake mwenyewe? Tunafundishwa siku ya kwanza, aliye karibu na jambo asiulize maswali ya jambo. Na nilikuandikia nilichopaswa kumwambia mkuu wangu tu. Nilitaka unione nafanya kazi kubwa. Nimetoka tumboni mwako, unafikiri majivuno haya nimeyapata wapi? Ofisini nimeandikiwa barua ya onyo, nami nimeisaini.

Nimepeleka ripoti mpya kwa mwenyekiti wa kijiji, ina mhuri. Haitoshi. Wale wanawake walisikia kwa sauti yako, lazima wasikie kwa sauti yako.

Kisha nenda Ruvu. Nimeulizia, nyumba ya Salehe ni ya tatu ukishapita mashamba ya mpunga. Nilikwenda mimi wiki jana. Mama Mwamvita hakutoka nje.

Mwanao,
Hajra


Vihingo
Ijumaa, 29 Machi 2024

Mwanangu,

Assalaam alaikum, na swaumu njema. Unapata daku lakini? Usifunge na maji matupu.

Nimesema. Ijumaa ya kwanza ya mwezi huu mtukufu, baada ya darasa, barazani palepale. Nilisimama. Nikawaambia nilikaa juu ya kinu. Nikawaambia sikupewa jamvi, nikajipa mwenyewe kwa kalamu. Mtu mmoja akacheka, wengine wakamzomea. Tatu akasimama akanishika mkono, akasema, "Na mie nilikuwepo kwenye kinu, na mihogo tulikula na chumvi." Mke wa Mwinyimadi aliinamisha kichwa mpaka mwisho. Nikasema jina la Mwamvita mara tatu, ili wasiseme hawakusikia.

Juzi Jumatano nikaenda Ruvu. Ponsiano alinishusha barabarani, nikatembea kwenye matuta ya mpunga nimebeba ripoti yako yenye mhuri ndani ya mfuko wa nailoni. Nilifika jua linakaribia kuzama. Kaka yake alikuwa msikitini. Mwamvita alikuwa anafagia. Amekonda, Hajra, mikono ile iliyokuwa inageuza pilau la watu mia mbili.

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kama yeye alivyosimama kwangu. Nilipomaliza akasema, "Nilishasikia. Ponsiano aliniambia." Nikampa ripoti. Hasomi, unajua, akautazama mhuri, akaiweka ripoti juu ya mtungi. Nikamwambia rudi, nyumba yako nimeifagia, masinia yako nimeyaosha yote kwa majivu, yanang'aa. Akasema, "Asante, shoga." Kwa upole. Ile "asante" ya mtu unayempisha njiani.

Adhana ikalia. Akaingia ndani. Nikasikia kifuniko, nikanusa uji wa pilipili manga, ule wake, nikajua ananipakulia. Akatoka na chupa ya maji ya dukani haijafunguliwa, na pakiti ya biskuti. Akaviweka mbele yangu juu ya kigoda.

"Futuru," akasema. "Hizi zimefungwa kiwandani. Hakuna mkono wangu."

Nikamwambia, Mwamvita, nipe uji. Akasema, "Sipikii mtu tena, Mwanajuma. Huu ni wangu na Salehe." Akakaa mlangoni akanywa uji wake, akinitazama kama anayehakikisha mgeni ameshiba. Nikala biskuti. Nikazila zote. Sikuacha hata moja.

Nilitaka nikuombe umwandikie, halafu nikakumbuka tumeshaandika ya kutosha, mie na weye.

Nina ombi moja tu. Umesema ulifuta mstari wangu. Usiufute. Nirudishie nafasi yangu kwenye daftari lako, na uniandike upya kwa mwandiko wako, maana wangu hautaaminiwa tena. Andika: Mwanajuma binti Shabani, miaka hamsini na tisa. Alikaa nyuma ya jiko. Hakula. Hakunywa. Hakuumwa. Aliona.

Mama yako